Tairi, Ringi na Upepo ni Uamuzi Mmoja

Kila ninapokutana na mtu anayesifia matairi mapana aliyoyafunga kwenye pikapu yake inayovuta tela, humuuliza ringi zake zina upana gani, na mara nyingi hana jibu. Kipenyo anakijua, kwa kuwa bila hicho tairi lisingeingia. Tairi la LT265/70R17, yaani lenye upana wa milimita 265 kwa ringi ya kipenyo cha inchi 17, hukubali ringi yenye upana wa kati ya inchi 7 na 8.5. Ukipachika la 35x12.50R17, lenye kimo cha inchi 35 na upana wa inchi 12.5, kwenye ringi ya inchi 7.5, litaingia na litashika upepo, jambo linalowadanganya wengi, lakini kuta zake zitabanwa kwa ndani, uso utavimba katikati, na lori kubwa likikupita kwa kasi utahisi nyuma ya gari ikielea huku tela likiyumba.

Kwa maoni yangu tunaanzia mwisho, kwenye kuchagua tairi. Mizani ndiyo itangulie: gari likiwa limefungiwa tela na kupakiwa kama litakavyosafiri, ekseli ya nyuma ipimwe peke yake. Tela la kilo 3,000 kwa kawaida hukandamiza kiungo, pale linapofungiwa kwenye gari, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 300 hadi 450, na kwa kuwa kiungo kiko nyuma ya ekseli, mzigo huo hufanya kazi kama wenzo: ekseli ya nyuma huongezewa zaidi ya kilo hizo huku ya mbele ikipunguziwa. (Ndiyo maana taa huanza kumulika juu ya miti.)

Kuhusu upepo, wapo wanaojaza hadi namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, na wapo wanaokishika kibandiko cha upepo cha mlangoni mwa gari kama msahafu. Kibandiko kiliandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. Ukibadilisha saizi, hesabu yake imebadilika. Namba ya ubavuni nayo, kwa mfano psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye tairi la daraja la mzigo E, ni upepo wa kubebea mzigo wa mwisho, ambao kwa tairi la fahirisi 121 (namba ya ubavuni inayoonyesha uwezo wa kubeba) ni kilo 1,450. Kati ya hapo, cha kufuata ni jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji, na kipimo kichukuliwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari.

Mimi huongeza jaribio la chaki: nachora mstari kukatiza uso wa tairi, naendesha hatua chache mahali tambarare, kisha nachungulia. Chaki ikifutika katikati na kubaki kingoni kwenye tairi lililojazwa kwa mujibu wa jedwali, shaka yangu huhamia kwenye upana wa ringi.

Kisha kuna vali, ambayo karibu kila mtu huisahau. Vali ya kawaida ya mpira, ile inayochomekwa tu kwenye tundu la ringi, ukomo wake ni psi 65. Atakayejaza psi 80 aitoe, afunge ya chuma, na asome pia uzito uliochapwa nyuma ya ringi yenyewe.