Mtoto njiti: achanjwe kwa tarehe au kwa kilo?

Mtoto aliyezaliwa ujauzito ukiwa wiki ya 30, akitimiza wiki 6 za maisha, kwa hesabu ya mimba yuko wiki ya 36 tu. Angekuwa bado tumboni. Lakini kadi ya kliniki ya Tanzania siku hiyo inamdai dozi ya kwanza ya penta, yenye kinga ya kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na Hib (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo), pamoja na PCV ya nimonia. Mama anamtazama, kilo mbili na ushei, bado amefungwa kifuani kwa mtindo wa kangaroo, ngozi kwa ngozi, na bibi anasema: "Mwacheni kwanza anenepe."

Hofu ya bibi si ya kupuuzwa. Njiti, hasa wa kabla ya wiki 28, hujulikana kwa kusita kupumua na mapigo ya moyo kushuka, na hali hiyo inaweza kujirudia siku mbili tatu baada ya chanjo. Ndiyo maana Uingereza hushauri mtoto wa namna hiyo, akichanjwa mara ya kwanza angali wodini, aangaliwe kwa saa 48 hadi 72. Tena kinga anayoijenga kwa dozi za mwanzo, hasa dhidi ya Hib, mara nyingi huwa hafifu kuliko ya aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia.

Ila udhaifu huohuo ndio unaonifanya nikatae kungoja. Kingamwili za mama humfikia mtoto kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyetoka wiki ya 30 ameondoka bila sehemu kubwa ya fungu lake. Kifaduro kikimpata, huenda asikohoe kabisa, akaacha tu kupumua na kubadilika rangi. Yaani kile kinachoogopwa kwenye sindano, ugonjwa unaweza kukileta nyumbani usiku, bila muuguzi pembeni. Shirika la Afya Duniani linataka umri wa chanjo uhesabiwe tangu siku ya kuzaliwa, bila kutoa wiki alizokosa tumboni. Nakubaliana nalo.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina utata zaidi. Guinea-Bissau ilikuwa desturi kuwacheleweshea watoto wa chini ya kilo 2.5. Majaribio ya huko, kwa BCG ya Denmark, yalionyesha kuwa kwa waliochanjwa mapema vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, jambo ambalo kifua kikuu peke yake hakilielezi, maana hakiui upesi hivyo. Kisha India wakajaribu kwa watoto wa chini ya kilo 2, kwa BCG ya Urusi, na vifo havikupungua. Singemwahidi mama muujiza, lakini sioni pia sababu ya kumruhusu mtoto aliyetulia aende nyumbani bila hiyo chanjo.

Na tusidanganyane kuhusu kinachoua wodini. Klebsiella, bakteria inayowashambulia njiti wengi katika wodi za Afrika, haina chanjo. Hapo ni mikono safi na maziwa ya mama. Kwa walioruhusiwa, kinachonisumbua ni kwamba PCV yetu huishia wiki ya 14, ilhali Uingereza mtoto huongezewa dozi akitimiza mwaka. Kwa njiti, ambaye dozi za mwanzo huenda zilimshika kidogo, pengo hilo ni zito kuliko mzozo wa kilo. Zikipatikana fedha za dozi moja zaidi kwa kundi moja tu, ningeanza na hao.