Kumwita ndege kwa simu: Dunga si Ngangao

Watazamaji ndege wa Kenya wakikutana, ubishi mmoja hauishi: je, ni sawa kumwita ndege kwa mlio wake uliorekodiwa? Mwongozaji anaunganisha simu na spika ndogo, anabonyeza, na ndege mliyemtafuta tangu alfajiri anatua mbele yenu. Haji kwa furaha. Amesikia dume mwingine kaingia mtaani kwake, amekuja kumfukuza.

Wanaotetea simu wana hoja nzito. Mgeni ana siku mbili tu, na bakshishi ya mwongozaji hutegemea ndege kuonekana. Hapo ndipo karo inapotoka. Watafiti nao hutumia njia hiyohiyo kuhesabu ndege wanaojificha. Tena, bila mlio, watu huacha njia na kukanyaga vichaka ovyo.

Hoja hiyo ya mwisho niliielewa Dunga, kinamasi cha Ziwa Victoria karibu na Kisumu. Mafunjo yamesimama kama ukuta, marefu kuliko mtu, na humo ndimo anamoishi tiva wa mafunjo. Dume na jike huitikiana kwa kasi hata ukadhani ni ndege mmoja. Mwenye boti alizima injini, akaachia mlio kwa sekunde chache, akaufunga. Wakatokea ukingoni: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano. Wakaimba, wakarudi ndani. Kuwafuata kungetulazimu kuvunja mafunjo, na tiva huyu anaumizwa zaidi na mafunjo kukatwa, kuchomwa na kugeuzwa mashamba. Mwenye boti anayekula kupitia ndege huyo ana sababu ya kuyatetea. Hapo naikubali simu, mradi iwe kwa kiasi.

Milima ya Taita ni habari nyingine kabisa. Apalisi wa Taita yumo katika orodha ya ndege walio hatarini zaidi kutoweka duniani, na msitu wake umebaki vipandevipande. Ngangao, mojawapo ya vipande vikubwa, ni kama hekta 120 tu. Vijia ni vilevile, kwa hiyo jozi zilezile ndizo huitwa na kila kundi linalopita. Msimu wa kutaga, wito unaweza kumtoa ndege kiotani akapigane na adui asiyekuwepo, huku mayai yakipoa. Wengine hujibu kwamba ndege huzoea na kuacha kuitikia. Huenda, lakini kwa ndege wachache namna hii sioni nani ana haki ya kujaribu.

Tulikaa Ngangao kwenye ukungu bila simu, karibu saa nzima. Apalisi alikuja mwenyewe, mkia mrefu ukitikisika, mdudu mdomoni. Maana yake kulikuwa na makinda karibu. Tungemwita, angemwacha nani?

Kwa hiyo wageni wanaopanda Taita wamlipe mwongozaji kwa saa alizowatembeza, ndege aonekane asionekane, na wakubaliane hivyo kabla ya kuingia msituni.