Plau Umeiacha, Kazi Yake Umempa Nani?

Jana nimetumiwa picha ya shamba la ngano. Ngano imepauka, njano tupu, na katikati ya mistari magugu ya kijani yamenona kama ng'ombe wa maonyesho. Chini ya picha maneno matatu: "Kutolima ni utapeli." Yaani huku kupanda moja kwa moja kwenye mabua ya msimu uliopita, bila kupindua udongo kwa plau.

Nikamuuliza mwenye shamba, yurea, ile mbolea ya naitrojeni, uliiweka wapi? "Nilirusha juu. Si hatulimi?"

Haya.

Plau ilikuwa na kazi mbili ambazo hakuna aliyeishukuru: kufukia mbegu za magugu na kuchanganya mbolea na udongo. Ukiiacha, kazi hizo zinakurudia wewe. Mbegu za magugu sasa zinalala juu, kwenye sentimita chache za kwanza za udongo, na wewe unakuja na mbolea unaimwaga hapohapo. Umewaandalia karamu! Ngano, ambayo mizizi yake iko chini, inafika sahani zimeshalambwa.

Halafu kuna mabua. Mabua ya ngano yana kaboni karibu mara 80 ya naitrojeni, ilhali vijidudu vinavyoyaozesha vinataka uwiano wa kama 25 kwa 1. Pengo hilo vinalijaza kwa mbolea yako. Najua, najua, vijidudu vikifa naitrojeni itarudi. Ila ngano inayotoa machipukizi haiwezi kungojea mazishi yao. Isitoshe, kwenye mabua hayo kimejaa kimeng'enya kinachovunja yurea. Mvua ya milimita 10 hivi isipokuja upesi kuishusha ardhini, sehemu ya naitrojeni, ambayo ni asilimia 46 ya yurea, inapaa zake ikiwa hewa ya amonia. Umenunua mfuko ukalisha upepo.

Ifukie, basi. Pembeni mwa mstari na chini kidogo ya mbegu, ngano iipate kabla ya jirani zake. Pembeni, nasema, siyo juu ya mbegu. Msimu mmoja nilijifanya mjanja nikachanganya yurea na mbegu kwenye mfereji mmoja, na ngano ikaota kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mashine yako haina sanduku la mbolea? Weka kidogo wakati wa kupanda, nyingine subiri wingu.

Nakubali, shingo upande, kwamba yapo magugu ya jamii ya nyasi ambayo plau iliyaweza na sisi yanatutoa jasho. Kule Australia waliitegemea mno glaifoseti, dawa ya kuua magugu, na mwaka 1996 likaripotiwa gugu la nyasi liitwalo raigrasi lisilokufa nayo. Kwa hiyo badilisha dawa, badilisha na mazao, na panda mistari ya karibukaribu ili ngano yenyewe iyafunike. Na wale mnaochota maji ya tope kuchanganyia glaifoseti kisha mnamtukana muuza dawa: udongo huishika dawa hiyo ikashindwa kufanya kazi. Tope ni udongo, ndugu zangu.

Leo asubuhi mwenye picha ameniandikia tena. Anauliza, akirusha mfuko mwingine juu, ngano itarudi kijani? Nimeandika jibu mara mbili nikalifuta, halikuwa la kistaarabu. La tatu nimemwambia aue magugu kwanza, kwa dawa inayoruhusiwa ndani ya ngano, kisha aweke mfuko wake stoo mpaka asikie radi.