Wavivu Tulitengenezewa, Tukanyang'anywa

Jamani, nani aliwadanganya kwamba rimoti inafanya kazi zaidi ukiibonyeza kwa hasira? Kwangu betri zikianza kuchoka, sebule inageuka uwanja wa mazoezi. Huyu anaipigapiga kiganjani, yule anazizungushazungusha betri, mwingine anainuka na kuisogeza mpaka inakaribia kugusa kioo. Sasa wewe umeshafika kwenye televisheni, si ubonyeze kitufe chake tu ukae!

Mimi ni mvivu, wala sijifichi. Ndiyo maana hiki chombo kinaniuma. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iliyoitwa Lazy Bones, yaani "mvivu", yenye waya mrefu mpaka kwenye televisheni. Watu wakalalamika eti wanajikwaa. Kujikwaa tu! Waya ukaondolewa, na tangu hapo ni kupekua mito ya makochi usiku kucha. Waya ungekuwepo, ningeuvuta taratibu nikiwa nimelala, rimoti ingekuja yenyewe kama mbuzi wa kamba.

Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley akaleta Flash-Matic. Hiyo ilikuwa tochi hasa: unamulika kona ya televisheni, inatii. Kasoro yake, jua likiingia dirishani nalo lingeweza kubadilisha chaneli. Mimi ningevumilia. Afadhali jua kuliko shemeji yangu.

Halafu 1956 ikaja Space Command ya Robert Adler, mhandisi mwingine wa Zenith, na hapa nisikilizeni vizuri: haikutumia betri. Ndani mlikuwa na vijiti vya alumini; ukibonyeza, kinyundo kinagonga kijiti, kinatoa mlio mkali ambao sikio la binadamu halinasi ila televisheni inaunasa. Betri sifuri! Tukaiacha. Leo ukikuta saa ya ukutani imesimama, usiulize, betri yake imehamia kwenye rimoti.

Rimoti nyingi za sasa zinatumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kitaa cha mbele kinawaka na kuzima, kwa kawaida kama mara 38,000 kwa sekunde, ili televisheni isiuchanganye na mwanga wa jua au wa balbu, na ujumbe wa kila kitufe unapangwa humo. Chini ya kitufe kuna kipande cha mpira chenye kaboni, kikigusa njia ya umeme basi, kazi imeisha. Kimegusa au hakijagusa. Hasira haina njia yake humo ndani. Ukitaka kujua kama kitaa ni kizima, kielekeze kwenye kamera ya simu ubonyeze. Kamera nyingi zinakiona kikimetameta. Nimeyaeleza haya sebuleni kwa utulivu kabisa. Mama watoto akaniitikia "sawa baba," akaendelea kuipiga kwenye goti.

Na vitufe je? Adler alitosheka na vijiti vinne: kuwasha na kuzima, chaneli mbele, chaneli nyuma, kunyamazisha. Nne! Yangu imejaa vitufe mpaka chini, vingine vyekundu, kijani, njano na bluu, na hakuna mtu mzima humu anayejua cha bluu ni cha nini. Kitinda mimba anajua, lakini hasemi mpaka aachiwe katuni.