Nani Ayape Majina Vifaa: Kiini cha Mfumo au Programu ya Nje?

Katika Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, diski, kibodi na printa hufikiwa kupitia faili za saraka ya /dev, na kila faili hubeba namba mbili zinazokionyesha kiini cha mfumo (kernel, programu ya ndani inayoongoza kompyuta) ni kiendeshi kipi na kifaa kipi vinavyohusika. Zamani faili hizo zilitengenezwa mapema kwa amri ya mknod, hata za vifaa ambavyo kompyuta haikuwa navyo, hivyo kuitazama saraka hakukumwambia mtu kama diski ya pili ipo kweli.

Devfs, mfumo wa faili za /dev ulioandikwa na Richard Gooch na kuja na Linux 2.4, ilikiachia kiini kazi hiyo: kifaa kikichomekwa faili inajitokeza, kikichomolewa inatoweka. Hoja hiyo ina uzito, kwani hakuna anayevijua vifaa vilivyopo kuliko kiini chenyewe, na FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, inaifuata hadi leo. Greg Kroah-Hartman, mtengenezaji wa kiini cha Linux aliyeileta programu ya udev mwaka 2003, hakukataa faili kujitokeza zenyewe. Alichokataa ni majina kuamuliwa ndani ya kiini badala ya kuachiwa programu ya nje inayofuata kanuni za msimamizi.

Kwa upande wa majina, naona alikuwa na haki. Kiini huzipa diski za USB majina kwa kadiri zinavyotambuliwa, kwa hiyo iliyokuwa /dev/sdb jana yaweza kuwa /dev/sdc leo, na anayeandika mkfs, amri ya kuiandaa diski upya, kwa mazoea ataifuta diski ya nakala rudufu akidhani ni ile tupu. Viungo ambavyo udev huviweka katika /dev/disk/by-id hufuata utambulisho wa diski yenyewe, wala havijali ipi ilitangulia.

Gharama yake ni kwamba /dev ilibaki ikingoja programu iamke kwanza, jambo lililokuwa mzigo wakati wa kuwasha kompyuta, na vifaa vidogo vinavyotumia BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogo za Unix, vikaridhika na mdev, mbadala wa udev ulio mwepesi zaidi. Mwaka 2009 Linux 2.6.32 ikaja na devtmpfs, ambamo kiini hutengeneza tena faili za msingi na udev huongeza ruhusa na viungo. Na miongoni mwa walioipeleka kwenye Linux, ajabu ni kwamba yumo Kroah-Hartman mwenyewe. Mgawanyo huo naukubali kwa sababu moja ya kiutendaji: udev ikikwama, msimamizi bado anaiona diski yake na anaweza kuingia kuirekebisha mashine.