Drosera haitaki samadi

Shangazi yangu, ambaye amelima matoke huko Masaka tangu mimi sijazaliwa, alikuja kututembelea Kampala akakuta dirishani chungu chenye mmea ambao hakuwahi kuuona: majani membamba yenye urefu wa kidole, yaliyojaa vinyweleo vyekundu, na katika ncha ya kila kinyweleo tone linalometa kama umande wa alfajiri, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Aliniuliza, "Mwanangu, mbona mmea huu unatoka jasho?" Nilimweleza kwamba matone yale ni ulimbo, na kwamba mmea wenyewe, uitwao drosera, hula wadudu. Alinisikiliza kwa makini. Siku iliyofuata, nilipokuwa kazini, aliutazama udongo wake akauona ulivyo maskini, akauhurumia, akachota konzi ya samadi kutoka kwenye gunia ninaloweka kwa ajili ya sukumawiki, akautilia. Baada ya wiki tatu matone yalikuwa yamekauka, ncha za majani zimegeuka nyeusi, na mmea ukafa.

Simlaumu shangazi hata kidogo, kwa sababu alifanya jambo ambalo mkulima yeyote mwema angelifanya. Mgomba unashukuru ukipewa samadi, drosera inaungua. Jamii hii ya mimea, yenye spishi zipatazo mia mbili duniani, imezoea kuishi kwenye ardhi ya majimaji yenye asidi, ambamo maji yamesafisha karibu kila chembe ya virutubisho, na kwa kuwa chakula hakipatikani chini, mmea umejifunza kukitafuta juu, katika miili ya wadudu wanaonasa kwenye majani. Mizizi yake ni michache, na kazi yake kubwa ni kuvuta maji na kuushikilia mmea usianguke. Ukiimwagia chumvichumvi za mbolea, umeipa kitu ambacho haina namna ya kukihimili. Nimeifuga drosera kwa miaka kadhaa sasa, na maoni yangu ni kwamba nyumba zetu za Uganda zinaifaa kuliko wengi wanavyodhani, mradi tukubali kwamba huu ni mmea unaotaka kuachwa na njaa yake.

Ninayoifuga ni Drosera capensis, yenye asili ya eneo la Rasi huko Afrika Kusini, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Jioni moja nzi mdogo wa matunda, wa wale wanaofuata ndizi za bogoya zilizoiva mno jikoni, alitua kwenye jani mbele ya macho yangu. Miguu yake miwili ya mbele ilishikwa. Alipojivuta, ulimbo ulirefuka kama uzi, kisha bawa moja likagusa tone la jirani nalo likashikwa. Kwa dakika kadhaa sikuona kitu kingine. Halafu vinyweleo vya pembeni vilianza kuinama kumwelekea, kimoja baada ya kingine, polepole kama mkono wa saa, na kabla sijalala jani lenyewe lilikuwa limeanza kujikunja juu yake. Humo ndani mmea hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama laini ya mdudu, kisha jani hufyonza nitrojeni na fosforasi. Siku chache baadaye jani lilifunguka, na kilichobaki kilikuwa ganda jeusi na bawa moja.

Charles Darwin alivutwa na mwendo huo huo mwaka 1860, alipokuwa akiitazama drosera ya Ulaya yenye majani ya mviringo, na mwaka 1875 akachapisha kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu. Alibaini kwamba kipande cha unywele, chepesi kiasi ambacho ngozi yetu isingekihisi, kiliweza kukifanya kinyweleo cha drosera kiiname, ilhali matone ya mvua hayakukishtua. Naona jambo hilo ni la ajabu kuliko ule ulaji wa wadudu wenyewe: mmea usio na neva wala ubongo unatofautisha mvua na mgeni.

Turudi nyumbani, kwenye suala la maji, maana hapo ndipo drosera nyingi hufia. Sisi tumelelewa tukijua kwamba maji salama ni yaliyochemshwa, na ni kweli kwa matumbo yetu. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Madini yaliyoyeyuka hubaki, tena huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Maji ya chupa yenye madini nayo hayafai, na kichujio cha kawaida cha jikoni hakiondoi chumvi hizo. Kinachofaa ni maji ya mvua, na katika hili Kampala tumebarikiwa, kwa kuwa tunapata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba. Mimi huacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati, kisha ndipo ninapokinga. Jerikeni mbili za lita 20 zinatosha vyungu vyangu vyote mpaka mvua nyingine. Chungu hukaa ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, nami siimwagilii juu, kwa sababu maji hayo yangeosha ulimbo.

Kuhusu mwanga, ninatofautiana waziwazi na maelekezo mengi yanayosambaa kwenye intaneti. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nayo husema weka mmea kwenye dirisha la kusini. Kwao ni sahihi. Kwetu, tunaoishi karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na huwa kusini katika miezi iliyobaki. Tena huwa juu sana kiasi kwamba haliingii vizuri dirishani upande wowote kati ya hizo mbili. Dirisha linalofaa ni la mashariki au la magharibi, lisilofunikwa na paa la baraza. Yangu ni ya mashariki, na jua la asubuhi huikumba drosera kwa saa nne hivi. Majani yakibaki ya kijani kibichi, yakirefuka na kukosa matone, ujue mwanga hautoshi, nawe sogeza chungu au washa taa ya LED juu yake. Pia puuza mashauri ya kuipumzisha wakati wa baridi: Drosera capensis haihitaji usingizi huo, na joto la Kampala linaitosha mwaka mzima.

Udongo hauna mengi. Changanya peti, yaani yale mabaki ya mimea ya majimaji yasiyotiwa mbolea, na mchanga mweupe uliooshwa vizuri. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanaweza kutumika, ila yaoshwe kwa maji ya mvua mara nyingi, kwa kuwa hubeba chumvi.

Wapo wanaonijia wakitaka drosera ili imalize mbu chumbani. Nawaambia wazi kwamba itanasa mmoja mmoja, lakini chandarua kibaki palepale. Wengine huipa vipande vya nyama, ambavyo huozea kwenye jani na kuliua. Nzi wadogo wanaotua wenyewe wanaitosha.

Jambo linaloniuma ni kusikia mtu akiuliza ni kinamasi gani aende kuchimba drosera ya bure. Tunayo ya kienyeji, Drosera madagascariensis, inayoota kwenye ardhi ya majimaji katika nchi nyingi za Afrika ya kitropiki, Uganda ikiwemo. Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 237, imeweka maeneo ya majimaji chini ya dhamana ya serikali kwa faida ya raia wote, na bado kila mwaka tunaona malori yakiyafukia kwa kifusi. Mmea unaopoteza makao yake kwa kasi hiyo usiongezewe mzigo wa majembe yetu sisi wapenzi wake. Wala hakuna haja. Kata jani moja zima la Drosera capensis, liache lielee kwenye chupa angavu yenye maji ya mvua, liweke penye mwanga, na baada ya wiki nne hadi sita utaona vichipukizi vidogo kuliko punje ya mtama vikitokeza juu ya jani, kila kimoja kikiwa na matone yake. Mmea aliouua shangazi ulikuwa umeniachia jani moja ndani ya chupa. Lilinipa miche saba, na miwili kati ya hiyo sasa iko Masaka, kwenye dirisha lake la mashariki, karibu na jerikeni ya maji ya mvua.