Dagaa Anayechuja Rangi

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana samaki waachwe wazaliane, na upande wetu uvuvi ukasimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo anasema hayo ni ya wavuvi. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Mwanga, na mtumbwi huwa naupanda nimefumba macho kwa woga. Lakini Kigoma hii dagaa akilala, wote tunalala. Mbeba mizigo wa mwalo wa Kibirizi hana hela, muuza chapati hana hela, na mtu asiye na hela kioo cha simu kikipasuka anakibandika selotepu na maisha yanaendelea.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mvuvi. Ziwa lilipofungwa akahamia kwenye benchi la kibanda changu, kazi yake ikawa kumaliza bando langu. Siku moja akanisogezea simu usoni: mzungu kakaa karakana, anachonga samaki wa mti, anampaka rangi, anamtupa majini, na samaki wa kweli anamvamia.

"Shemeji, wewe unaunga nyaya ambazo wengine hata hatuzioni," akaniambia. "Hiki kitakushinda?"

Sifa zina sumu yake. Na wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Migebuka maisha yake yote ni kumfukuza dagaa, na watu wa mshipi wanajua kufunga manyoya kwenye ndoano ili adhani ni kidagaa kinapita. Sisi tungempa dagaa kamili, mwenye macho. Tukakubaliana tumtengeneze lumbu, yule dagaa mkubwa, ili ndoano zipate pa kuning'inia. Majini hatungemtia mpaka ziwa lifunguliwe, lakini kuchonga mbao hakuna aliyekukataza.

Paini nikaipata bure kwa seremala, vipande vya kuwashia moto. Nikachonga, nikapiga msasa namba 120, nikamalizia na 400 mpaka kidole hakisikii kitu. Tumboni nikapasua mtaro, nikapitisha waya mmoja kutoka puani hadi mkiani, maana samaki mkubwa akivuta inabidi avute waya. Akivuta mbao atabaki nayo. Kwenye mtaro huohuo nikazika chubwi ya wavu, ile risasi ya kuzamishia, dagaa wetu asije akaogelea ubavu, kisha nikaziba kwa unga wa mbao na gundi. Chini ya kidevu nikamwekea mdomo wa plastiki niliokata kwenye kava gumu la simu. Huo mdomo ndio unaomtikisa akivutwa. Ukiusimamisha wima anapita juu juu, ukiulaza kufuata mwili anapiga mbizi.

Halafu ikaja sehemu niliyoipenda mpaka mke wangu akaanza kuuliza maswali: kupaka rangi. Kwanza unamzamisha kwenye vanishi iliyozimuliwa kwa thina, kwa sababu mbao ikinywa maji inavimba na kupasua rangi yote. Kisha nyeupe. Ubavuni nikabandika karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara, niliyokuwa nimeikandamiza juu ya tupa mpaka ikatoka magamba. Mgongoni nikafunika kipande cha chandarua kilichochakaa, nikapuliza rangi ya bluu ya kopo; ukibandua chandarua, magamba mengine hayo. Mstari wa ubavu nikauchora kwa rangi ya kucha ya mama watoto. Kuhusu hiyo rangi ya kucha mazungumzo bado yanaendelea nyumbani.

Mwisho kabisa ni ile gundi ya kuchanganya mbili, inayokauka ikawa kioo. Shida yake ni kwamba kabla haijashika inatiririka kwenda chini, kwa hiyo samaki lazima azungushwe polepole bila kusimama. Mzungu ana mota. Mimi nina mtoto wa darasa la tatu, nikamwajiri kwa biskuti. Alizungusha kijiti kwa uaminifu hadi biskuti zilipoisha, akasinzia, na gundi ya samaki mmoja ikateremka yote tumboni ikaganda hapo. Tukamwita Mheshimiwa.

Walikuwa saba. Nikawaning'iniza uani kwenye waya, jua la Julai linawapiga, wanang'aa. Na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu fikiria wewe ni jirani. Ziwa limefungwa. Hujamwona dagaa mbichi kwa wiki kadhaa. Unachungulia juu ya ukuta, unaona kwa fundi simu wameanikwa lumbu, wanono, wametoka majini sasa hivi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja jioni na watu wawili. Hakubisha hodi kwa sauti ya kawaida.

"Fundi, tumepata taarifa humu ndani kuna mazao ya ziwa."

Nikampeleka uani bila neno. Akamshika Mheshimiwa, akamgeuza, akamnusa, akamgonga kwenye meno yake ya mbele. Ko! Wale wawili wakageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mwenyekiti akamrudisha kwenye waya taratibu, akakohoa, akasema taarifa itafanyiwa kazi. Alipofika getini akarudi peke yake akaninong'oneza nimuuzie mmoja, kuna mtu anataka kumtisha. Nikakataa. Fundi akishakuwa na jina hauzi hovyo.

Hayo yangeishia hapo kama mama mkwe asingekuja kutoka Kasulu.

Alikuja na maharage, mkungu wa ndizi, na kidumu cha mawese, na alikuja na hamu. Njia nzima, alisema, alikuwa anamuwazia dagaa wa Kigoma. Mke wangu akamweleza mambo ya ziwa kufungwa. Mama akaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa ile sauti ya mtu anayejua anafichwa kitu. Alfajiri akaamka kabla yetu, akatoka uani kunawa uso, akakuta ushahidi umening'inia kwenye waya.

Kilichoniamsha ni harufu ya duka la rangi linaloungua.

Nikakimbia hadi mlango wa jiko la nje, nikakwama hapo. Sasa, kama hujaoa Buha huenda usinielewe. Mkwe hamvamii mama mkwe jikoni akamwambia "epua". Kwanza unasimama pembeni, unainamisha macho, unapiga makofi taratibu, unasalimia. Na salamu za Waha hazina njia ya mkato.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, baba. Umeamka salama?"

"Salama, mama. Hicho kikaango..."

"Watoto wameamkaje?"

"Wazima. Mama, hao dagaa..."

"Na kazi zinaendaje?"

"Zinakwenda, mama."

Kikaangoni mawese yanatokota, moshi umeshabadilika rangi. Makofi yangu nayo yanazidi kasi, nikawa kama napigia ngoma.

"Na wa kwenu Kakonko, wapo?"

"Wapo wote, mama, wanakusalimu sana, naomba epua hao dagaa!"

Akaepua. Si kwa ajili yangu. Alikuwa na malalamiko yake.

"Baba, hawa dagaa wa siku hizi wamekuwaje? Nimetaka kuwatoa matumbo, kisu kikagoma. Nimewageuza na kuwageuza, hawalainiki. Huyu mwenye kitambi katoa ulimi nje, nafikiri alikufa kwa kiu. Halafu tazama," akainua mwiko, "wanachuja rangi kama kitenge cha mnadani!"

Ni kweli walikuwa wanachuja. Ile gundi ya kioo ilikuwa imefura malengelenge, karatasi za sigara zinaelea peke yake, na bluu ya mgongoni imechora ramani juu ya mawese. Watatu walikuwa humo. Afadhali nilikuwa sijawatia ndoano. Ndoano hutiwa mwisho kabisa, rangi isije ikaziba pete zake. Mke wangu alitokea akiwa na kanga moja, akatazama kikaango, akanitazama mimi, akatambua rangi yake ya kucha ikichemka, akaketi chini.

Mafuta yale tukayamwaga, na kikaango tukakistaafisha, maana mtu hajui rangi na risasi vimeachana vipi humo ndani. Mama alipoelezwa kwamba mkwe wake, mtu mzima, baba wa watoto, anachonga dagaa wa mbao, alinyamaza kitambo. Kisha akamuuliza binti yake, kwa Kiha, akidhani Kiha changu ni cha salamu tu, kama nimeanza lini.

Wawili kati ya wale watatu walikuwa wamepasuka. Mheshimiwa alipona, kwa sababu ya kitambi: gundi ilikuwa nene, moto haukufika. Lakini alibaki hana mgongo wa bluu, hana gamba, mbao tupu iliyokunywa mawese ikawa nyekundu ya machungwa, jicho moja.

Agosti ziwa likafunguliwa. Mimi na shemeji tukaingia mtumbwini upande wa Bangwe, penye mawe, nikiwa nimefumba macho kama kawaida. Tukaanza na warembo wanne waliobaki. Wa kwanza alikuwa anaogelea chali. Wa pili alizungukazunguka mpaka mshipi ukajisokota wote. Wa tatu alinasa kwenye jiwe, na jiwe likashinda. Wa nne alikwenda vizuri sana, anatikisika kama kwenye video, tukamvuta hapa na pale hadi shemeji akaanza kupiga miayo na kusema maneno kuhusu wafundi wa simu ambayo sitayaandika.

Mheshimiwa alikuwa kwenye mfuko kwa ajili ya kuchekesha watu tu. Shemeji akamfunga, akamtupa, akawa bado anacheka mshipi ulipokwenda nao mkono wake. Nilifumbua macho. Alikuwa samaki aina ya kuhe, urefu wa mkono wangu kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni na zaidi, kamng'ang'ania yule kipofu wa mawese hata ndani ya mtumbwi hamwachii.

Shemeji hakusema asante. Alikaa juu ya ubao, akamtoa Mheshimiwa mdomoni mwa kuhe, akamnusa kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "mpigie mama."

Nikapiga tukiwa hukohuko majini. Baada ya salamu, ambazo zilitufikisha karibu na nchi kavu, nikamweleza kwamba kuna dagaa wengine nitachonga, na tungeomba aje awakaange kama vile alivyowakaanga wale.

Kimya kidogo. Nikasikia anamweleza mtu aliye naye huko Kasulu, na huyo mtu anacheka.

"Mawese yako, mkaa wako," akasema mama. "Na kikaango ununue kipya. Mimi nakuja na mwiko."